Kitenzi Kilichotoka Koponi

9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo, na kwa huyo aliye tumboni ambaye bado hatujui tutamwitaje. Mimi ni mzima. Nakuandikia upesi upesi maana nina jambo, na jambo lenyewe linanichemka kifuani kama sufuria iliyofunikwa. Ningekupigia simu, ila sisi wawili tumeshajuana: tangu tumzike baba yako, tukipigiana tunalia tu mpaka salio linakwisha, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Barua angalau haikwami kooni.

Unajua kwamba nasoma Kiingereza. Sababu sikukuambia. Siku ya mazishi mumeo alinishika mikono yote miwili, akasema "pole sana", kisha maneno ya Kiswahili yakamwishia. Yangu ya Kiingereza yalikuwa yamekwisha tangu mwanzo. Tukabaki kutazamana kama mbuzi wawili waliokutana kwenye lango moja. Nikasema moyoni, huyu ndiye baba wa mjukuu wangu, haiwezekani tuishie hapa.

Darasa letu liko katika shule ya chekechea, alasiri, watoto wakishaondoka. Tunakalia viti vyao, magoti yanatufika kidevuni. Mwalimu ana kopo la maziwa ya unga, na ndani yake kuna vikaratasi, kila kimoja kina kitenzi kimoja. Unachomoa chako, unakwenda nacho nyumbani, unaishi nacho wiki nzima, kisha unarudi kukionyesha mbele ya wenzako kwa vitendo, bila kukitafsiri. Fundi Bomba alipata cha kuimba. Akatuimbia mpaka mbwa wa jirani akamwitikia. Mama Mkate, yule muuza mikate wa kona ya posta, alichomoa cha kukanda, akacheka akasema bahati nayo ina macho.

Mimi nikachomoa "blather".

Mwalimu akanieleza kwamba ni kusema maneno mengi ya kipuuzi, kwa kirefu, bila kufika popote. Akanitazama kwa huruma, maana darasani hakuna asemaye kidogo kuliko mimi. Akauliza kama nataka kubadilisha. Nikamwambia acha, kilichonijia ni changu.

Wiki nzima nikatembea nacho. Nikawa nakitafutia ndugu katika Kiswahili. Kuropoka kuna haraka mno. Kupayuka kuna kelele. Kupiga soga wanahitajika wawili. Kubwabwaja kunakaribia, ila hakuna mpango, na hiki chao nahisi kina mwendo wake, kinatiririka. Basi juzi nilikuwa kazini, natia kiraka kwenye shuka la wodi, korido imetulia, nikakumbuka ni nani niliyekuwa namsikia akikifanya kitenzi hiki. Baba yako.

Wewe unamjua baba yako wa nyumbani, ambaye majirani walimwita Mzee Kimya. Kule hospitali walimwita Redio. Alikuwa akisukuma wagonjwa kwenye machela kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji, na chumba changu cha cherehani kiko katikati ya korido hiyo. Nilikuwa nasikia kipande tu. Sauti inakuja, inapita mlangoni pangu, inaondoka na magurudumu. "Basi yule kuku akavaa viatu, kimoja cha kushoto, na cha pili nacho cha kushoto." Kimepita. Siku nyingine kuku yuko ofisini anaomba kazi ya ulinzi. Bwana Mkubwa anamuuliza ana ujuzi gani. Kuku anasema amelinda mayai. Mangapi yaliibiwa? Yote, bwana, kila siku, lakini niliyalinda.

Nikaenda nikasimama mbele ya darasa, nikamfanya baba yako. Kiti nikakigeuza machela, nikakisukuma huku na huku, nikamtembeza kuku na viatu vyake kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Mwanangu, watu walilala juu ya vile viti kwa kicheko. Fundi Bomba alifuta machozi kwa mkono wa shati. Mama Mkate peke yake aliziba mdomo kwa mtandio, akatoka nje kabla sijamaliza. Huenda nilimkwaza, nitamuuliza.

Tangu mazishi sijasema mfululizo namna ile. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya njia kama mtu aliyeshinda mashindano.

Niandikie upesi.

Mama yako


28 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Nimefurahi kwamba unasoma na kwamba umepata watu wa kucheka nao.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaosha vyombo, nikaichukua tena. Mama, hilo neno nalijua. Huku nalisikia ofisini. Wanalitumia kwa mtu anayewapotezea muda kwenye kikao, na mtu huyo kikao kinachofuata haalikwi. Baba yangu hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa maneno mawili. Siku aliyonisindikiza uwanja wa ndege alisema "Kula vizuri", akageuka, akaenda zake. Hayo mawili ndiyo niliyokuja nayo huku, na nimeyatunza.

Sasa nasikia ameigizwa kwenye viti vya chekechea mbele ya mafundi na wauza mikate ambao hawakumjua. Najua hukukusudia ubaya. Ila nimeumia. Na nimeumia pia kwamba kulikuwa na kuku miaka yote hiyo, na mimi sikuambiwa.

Mimba imeingia mwezi wa saba. Jana nilikuwa kwa daktari, wiki ijayo narudi tena. Si kitu.

Mume wangu anakusalimu. Amejifunza kusema "mama mkwe", na sasa anamwita hivyo hata paka.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika, na hukukosea kuiandika. Ingenilaza na huzuni kama Mama Mkate asingeitangulia mlangoni pangu. Kaa chini ndipo usome.

Alikuja Jumapili asubuhi, mkate kwapani, bado wa moto. Akakaa, akauweka mapajani. Nikaanza kumwomba radhi kwa ya darasani. Akanikatiza.

"Dada, yule kuku ana mwisho wake."

Nikauliza, mwisho gani?

"Namjua huyo kuku," akasema. "Nilisukumwa naye."

Kumbe zamani alipasuliwa uvimbe pale kwetu. Anasema siku ile alitetemeka mpaka machela ikawa inagongagonga. Muuguzi alimwambia usiogope, daktari usiogope, dada zake usiogope, na kila aliyesema alizidi kumwogopesha. Akaja mwanamume mwembamba, hakumwambia asiogope. Alishika machela, na magurudumu yalipoanza tu kusogea, naye akaanza: kulikuwa na kuku. Anasema upuuzi ule ulikuwa mrefu sawasawa na korido yenyewe, umejaa kila mahali, hofu ikakosa pa kukaa. Walipofika mlango wa upasuaji yule mtu akanyamaza katikati. Kuku ameketi mbele ya Bwana Mkubwa, anangoja jibu. Mama Mkate akamdaka mkono, akamuuliza, je, alipata? Baba yako akamwambia, "Ukitoka nitakuambia." Mlango ukafungwa.

Anasema alilala chini ya ile taa kubwa akimkasirikia kuku. Alipozinduka hakuomba maji wala hakumwita mtu. Alisema, "Je, alipata?" Na baba yako alikuwa pale pembeni ya kitanda, zamu imekwisha, sare hajavua, anangoja kuulizwa. Akammalizia.

Ndivyo alivyomfanyia kila aliyemsukuma. Upande mmoja anawapa mwanzo, na mwisho anawawekea upande wa pili ili watoke kuufuata. Na mimi sikujua, mwanangu. Mimi nilikaa katikati ya korido. Nilipata kiuno cha hadithi, bila kichwa wala miguu. Nilidhani mume wangu ana domo la kazini kama wengine walivyo na viatu vya kazini.

Kwa hiyo kamusi ya mwalimu imesema kweli: ni maneno mengi, ni ya kipuuzi, ni marefu. Haikuandika tu anaambiwa nani. Na akirudi nyumbani yalikuwa yamemwishia yote. Wewe ukapata mawili yaliyosalia, mimi nikamiminiwa chai. Niliwaonea wagonjwa wivu siku mbili tatu hivi, halafu ukanitoka. Wewe nawe ukikushika, subiri, utakutoka.

Sasa jingine. Kitu kimoja cha kazi yake alikuwa ananiambia, hata nyumbani. Mgonjwa akilalamika, huyo ana nafuu. Akisema "si kitu", shika machela vizuri.

Umeniandikia "si kitu". Nakuuliza kama mama: ni nini?

Mama yako anayengoja


2 Mei

Mama,

Umenikamata.

Mtoto amelala kwa kukingama na amegoma kugeuka. Watanipasua tarehe nane Juni, asubuhi. Sikutaka uanze kuhesabu siku peke yako kwenye ile nyumba.

Naogopa mpaka naona haya. Kila mtu hapa ni mwema, na kila mtu ananiambia kwamba hili jambo linafanyika kila siku. Linafanyika, ndiyo, lakini si kwangu. Wiki iliyopita muuguzi alinionyesha korido nitakayopitishwa. Ni ndefu, nyeupe, kimya kabisa. Nilisimama mwanzoni mwake nikawaza kitu kimoja tu, kwamba aliyejua kusukuma watu amekwishakufa.

Jioni nikaitoa barua yako ya kwanza, ile iliyonikasirisha, nikaisoma kwa sauti jikoni, huku namfasiria mume wangu. Tulipofika kwenye viatu vya kushoto alicheka akamwaga chai. Mama, na mimi nikacheka. Nilimsikia Baba akisema vile, kwa sauti ile ile ya "Kula vizuri", na nikaona kwamba inawezekana.

Wamekubali mume wangu atembee nami hadi mlangoni. Lakini wamjua mkweo, ni fundi saa. Anaweza kushinda siku nzima asiseme na mtu, anaongea na skrubu. Akiogopa ndiyo anakuwa ukuta kabisa. Nimemwomba aniongeleshe upuuzi njia nzima. Akafikiri sana, akaniuliza kwa unyenyekevu, "Upuuzi gani?"

Mwandikie habari za kuku. Mwandikie kwa Kiingereza ili aweze kumsoma. Makosa yaache yalivyo, mtu asikusahihishe.

Nisamehe kwa barua ile.

Mwanao


16 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimeketi, kisha nikavaa viatu nikaenda nayo darasani moja kwa moja. Niliwaeleza yote. Mwalimu akafunga kitabu, akaweka kopo juu ya kabati, akasema leo kazi ni moja.

Laiti ungetuona. Hatukujua korido ya huko kwenu ina urefu gani, tukaamua ni heri hadithi ibaki kuliko ipungue. Fundi Bomba alishikilia kwamba kuku, kabla ya kufika ofisini, lazima apitie ndani ya bomba. Tukamuuliza kwa nini. Akasema ofisi zote alizowahi kuingia aliingilia huko. Tumemwachia bomba lake. Mama Mkate alikuwa mkali kama hakimu: hapana, hapo hakusema hivyo, hapo alivuta pumzi. Kila nilipotia neno zuri nililojifunza alilikataa, akasema zuri mno hilo, mgonjwa ataanza kufikiri. Mwalimu kuna sentensi moja ilimshinda kuvumilia. Aliinua kalamu, akatutazama, akairudisha mfukoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza kidonge bila maji. Tulicheka mpaka mlinzi wa shule akachungulia dirishani kuona watoto gani hawajaenda nyumbani.

Karatasi yenyewe iko ndani ya bahasha ndogo. Mpe mumeo na masharti yake. Asiisome kabla. Baba yako hakuanza hata mara moja magurudumu yakiwa yamesimama. Mama Mkate anasema ukianza mapema maneno yanapoa. Asikimbie. Akikosea asirudi nyuma, aende mbele tu. Nimemwekea alama pa kuvuta pumzi.

Na akifika mlangoni atakuta karatasi imekwisha katikati, kuku ameketi anangoja jibu. Asidhani kuna ukurasa umepotea. Mwisho ninao mimi. Mama Mkate alininong'oneza, na sijamwambia mtu mwingine, hata Fundi Bomba ambaye kila siku ananinunulia karanga ili nimwambie.

Ukitoka, nipigie simu. Kulia tutalia siku nyingine.

Mama yako


20 Juni

Shikamoo Mama,

Samahani kwa mwandiko, naandikia kitandani na mwenye nyumba mpya amelala juu ya mkono wangu. Ulimsikia akipiga kelele kwenye simu, kwa hiyo yeye mmeshafahamiana. Nakuandikia ile sehemu ambayo hukuwepo.

Asubuhi ile mume wangu alivaa shati nje ndani, na hakuna aliyemwambia. Msukumaji alikuwa bwana mmoja mnene, mpole, asiye na neno. Magurudumu yalipoanza nikafumba macho. Halafu nikasikia karatasi inafunguliwa.

Mume wangu alianza kama karani anayesoma hukumu. Kulikuwa na kuku. Akavuta pumzi pale ulipomwekea alama, akavuta kweli kweli, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kufika kwenye kiatu cha pili cha kushoto sauti ilikuwa imekuwa yake. Kwenye bomba la Fundi Bomba alipotea akausoma mstari mmoja mara mbili, kuku akaingia bombani upya, na Mama, ilikuwa bora zaidi. Nikafumbua macho. Taa za dari zilikuwa zinapita juu yangu moja moja, na mimi nilikuwa nawaza habari za mayai.

Ndipo nikagundua tunakwenda polepole. Yule bwana alikuwa amepunguza mwendo.

Tulifika mlangoni kuku akiwa ameketi. Mume wangu akageuza karatasi, nyuma tupu. Msukumaji, ambaye hakuwa amesema kitu tangu wodini, akauliza, "Halafu?"

Mume wangu akamjibu kwamba mwisho anao *mama mkwe*. Kwa Kiswahili hasa, na yule bwana akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Niliingizwa ndani nacheka. Daktari akataka kujua ni nani aliyenipa dawa kabla ya wakati.

Sitakudanganya kwamba sikuogopa tena. Niliogopa, lakini nilikuwa na kitu cha kudai upande wa pili.

Ile simu unaijua. Usichojua ni kwamba yule msukumaji alikuja akasimama kwenye mlango wa wodi, eti anatafuta machela, na machela ilikuwa nyuma yake. Kwa hiyo ulipoanza kwa Kiingereza tulikuwa tunakusikiliza sote, simu iko juu ya blanketi, mtoto amenyamaza. Kuku akapata kazi. Bwana Mkubwa akamweka mlangoni. Siku zikaenda, miaka ikaenda, akaja mkaguzi akamuuliza, wewe kuku, unalinda nini hapa? Kuku akafikiri, akafikiri, akafikiri. Ulisema "akafikiri" mpaka nikataka kukukaba. Kisha akasema:

"Bwana, nimesahau. Lakini mlangoni sijaondoka."

Yule bwana alicheka, akachukua machela yake akaenda nayo, na tulimsikia anacheka hadi mwisho wa korido. Mume wangu aligeukia dirishani. Mimi na wewe tukakaa kimya kwenye simu, na kwa mara ya kwanza sikutaka ikatwe.

Nimekuwa nafikiri juu ya ile siku ya uwanja wa ndege. "Kula vizuri", kisha akageuka. Miaka yote nilidhani ndiyo yote aliyokuwa nayo. Sasa naona pale napo palikuwa mlangoni, na huenda na mimi aliniachia katikati.

Ni msichana. Ana vidole vyako.

Mwanao


6 Julai

Mke mwenzangu mdogo,

Hujui kusoma, na hilo lisikusumbue, hata mimi Kiingereza nilikisoma nikiwa na mvi. Mama yako atakusomea.

Mume wetu hukumkuta. Alikuwa mwembamba. Alipenda chai ikishapoa. Akivua viatu alivipanga vikitazama mlango, na alikunja shati lake la kazi kwa uangalifu kuliko mimi ninayeshona. Watakuambia alikuwa mtu kimya, watakuambia alikuwa Redio. Waamini wote.

Darasani wamepiga makofi kwa ajili yako. Mama Mkate ameoka mkate wenye umbo la kuku, ila umefanana zaidi na kiatu. Fundi Bomba anasema ni cha kushoto. Yeye bado hajaambiwa mwisho. Nimemwahidi kwamba atausikia siku atakayolazwa, na sasa anaulizia afya yake kwa hamu. Jana nilitia mkono koponi tena nikatoa kitenzi cha kungoja. Nikamrudishia mwalimu, nikamwambia hiki nimeshakijua, nipe cha kusafiri. Akakitafuta kwenye kopo mwenyewe, akanipa. Pasipoti yangu inashughulikiwa.

Mama yako anasema siku hizi baba yako anakusukuma mitaani kwenye kigari, na magurudumu yakianza tu kusogea, fundi saa naye anaanza. Anasema watu wanageuka kumtazama. Waache wageuke. Wewe sikiliza, usilale kabla ya bomba. Na siku utakayofika kwenye mlango wowote unaokutisha, uliza kuku alipata kazi au hakupata. Patakuwa na mtu wa kukujibu.

Nakuja. Lakini njia ni ndefu na mimi si msichana, kwa hiyo naomba mapema kile ambacho watu huomba mwishoni. Yule aliyekuwa katikati ya korido, kwenye chumba cha cherehani, akisikia kipande kipande na kukiweka, ndiye mimi bibi yako.

Unikumbuke.